Shemeji anataka kukata masega ya gari langu, nimkatalie vipi?

Shikamoo Shangazi,

Naomba unisaidie mawazo, maana jambo lililoanza kama ubovu wa masega, kile kifaa cha kuchuja moshi kwenye ekzosi ya gari, sasa limeingia ndani ya ukoo.

Mimi ni mke na mama wa watoto wawili, naishi Kimara. Mume wangu alihamia Dodoma baada ya ofisi yao kupelekwa huko, akaniachia gari letu, gari dogo la Kijapani la mwaka 2003, CC 1800. Gari hilo ndilo linalotulisha. Usiku nasukuma chapati na kukaanga sambusa, alfajiri napakia ndoo na hotpoti, nashuka na Morogoro Road kusambaza kwenye kantini za maofisi Kariakoo na Posta. Mwanangu wa mwisho nampakia humo humo, namshusha shule njiani. Ana pumu, hatembei bila dawa yake ya kuvuta.

Tangu masika yaishe gari limekuwa zito. Nikitoka Ubungo kupandisha Kimara nakanyaga mafuta mpaka mwisho, mshale haupandi, daladala zinanipita. Tukiwa kwenye foleni harufu ya mayai viza inaingia ndani, sakafu ya mbele inachoma miguu, na asubuhi nikipiga stata nasikia kitu kinachezacheza chini ya gari. Taa ya injini imewaka na haizimi. Oili nayo naongeza kabla siku ya kumwaga haijafika, na alfajiri likiwaka linatoa moshi wa bluu kidogo, lakini hilo ni la siku nyingi, nimeshalizoea.

Mdogo wake mume wangu ni fundi, ana gereji ya kuchangia na wenzake huku huku Kimara. Ndiye anayelihudumia gari hili tangu kaka yake aondoke. Hajawahi kunitoza hela ya ufundi. Mimi nanunua spea, yeye anafunga, nampa ya soda na sahani ya chapati, basi. Alipochomeka mashine ya kupimia ikatoa namba P0420. Akaniambia, "Shemeji, masega yamekufa. Tunakata, tunachomea bomba tupu, jioni unaondoka na gari jepesi." Nikamuuliza masega yenyewe yanakwenda wapi. Akasema kuna jamaa anayanunua, hela yake atalipia kodi ya fremu, na mimi sitatoa hata mia.

Nikamjibu kwamba nikikubali yatolewe, basi nayataka mkononi. Vijana wa gereji walikuwa wanasikiliza. Shemeji akanyamaza, akashusha boneti, akaniambia nichukue gari langu. Jioni mama mkwe akapiga simu: "Mwanangu leo amekuwa mwizi wa vyuma?" Mume wangu naye, nilipomweleza, akasema niache kumchunguza mdogo wake kwa sababu yeye ndiye fundi.

Nimeuliza bei. Masega mapya halisi ya gari hili yanakaribia mtaji wangu wote. Yapo mapya ya bei nafuu ya kuchomelea, na Gerezani nimeonyeshwa ya mtumba, ila muuzaji hana maelezo yametoka gari gani. Jirani yangu anaendesha gari lisilo na masega mwaka wa pili sasa, anasema hajaona tatizo lolote. Kinachoninyima usingizi ni kifua cha mwanangu. Nasikia gari likitolewa masega linatoa sumu. Kama ni kweli, siwezi. Kama si kweli, basi nimevunja undugu kwa kitu cha bure.

Nimkatalie vipi shemeji bila kuonekana namdharau? Au nikubali tu yaishe?

Mama wa Kimara

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa kuamka usiku wa manane kukaanga, halafu mchana upokee simu za lawama. Mambo ya gari nimewauliza mafundi kabla ya kukuandikia, ya ukoo nitakupa yangu mwenyewe.

Nikiisoma barua yako naona maswali mawili yameshikana. Moja, gari lifanywe nini. Jingine, masega yakitoka ni ya nani. Mnagombana juu ya hilo la pili, na lile la kwanza bado hakuna aliyelipima.

Tuanze na chuma chenyewe, maana mengi yanayosemwa vijiweni ni nusu nusu. Masega ni kopo la chuma lililoungwa kwenye bomba la ekzosi, kwa magari mengi karibu na injini. Ndani yake mna kauri yenye maelfu ya vitundu vyembamba, na kuta za vitundu hivyo zimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi wa injini ukipita humo kukiwa na joto la nyuzi kama 300 na kuendelea, kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu, inageuka kuwa kaboni dioksaidi, petroli ambayo haikuungua inamaliziwa kuungua, na oksaidi za naitrojeni zinarudi kuwa naitrojeni, gesi ambayo imejaa kwenye hewa tunayoivuta kila siku. Madini yale hayaliki katika kazi hiyo. Ndiyo maana masega ya kiwandani yanaweza kupita kilomita 160,000 yakiwa mazima, na ndiyo maana hata yaliyokufa yana mnunuzi, kwa sababu madini bado yamo.

Sasa rudi kwenye sentensi uliyoiandika harakaharaka, ile ya oili unayoongeza na moshi wa bluu uliouzoea. Mimi hapo ndipo niliposimama. Masega yakifa, mara nyingi kuna kitu kilichoyaua, na oili inayoungua ni mmojawapo wa wauaji wakubwa. Fosforasi iliyomo kwenye oili inakwenda kukaa juu ya yale madini na kuyafunika, na mabaki ya oili yanaziba vitundu. Mwuaji mwingine ni injini inayomisi. Plagi au koili ikifa, petroli mbichi inasukumwa mpaka kwenye masega, inaungulia humo, joto linapanda mpaka kauri inayeyuka na kushikana. Wapo pia wazee wanaotaja petroli yenye risasi. Hiyo kweli iliharibu masega mengi, lakini nchi za Afrika Kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa mwaka 2006, kwa hiyo kwa gari lako usiitafute huko.

Hili nalisema kwa uzito kwa sababu linabadilisha hesabu yako yote. Ukifunga masega mapya kwenye injini inayokula oili, hata yawe halisi kwa mtaji wako wote, umeyapeleka kwa mwuaji yule yule. Na ukikata ukaweka bomba tupu, injini bado inakula oili, ila sasa moshi wake wote unatoka bila kuchujwa. Moshi wa bluu unaotoka gari likiwaka tu na kukata baada ya muda mara nyingi huelekeza kwenye sili za valvu. Unaoendelea kila ukikanyaga mafuta huelekeza kwenye ringi za pistoni. Kuna pia kivalvu kidogo cha kupitishia hewa ya injini, mafundi wanakiita PCV, kikiziba nacho kinaweza kuifanya injini ivute oili, na chenyewe si spea ya kukufilisi. Yote haya yanaweza kukaguliwa kabla mtu hajashika msumeno. Zifunguliwe plagi zote, zipangwe mezani kwa mpangilio wa silinda, mtazame pamoja ipi imelowa oili. Ipimwe kompresheni ya kila silinda.

Na ile namba P0420, mwanangu, haisemi kwamba masega yameziba. Gari lako lina sensa ya oksijeni kabla ya masega na nyingine baada yake. Masega yakiwa mazima, sensa ya mbele inapandapanda na kushuka, ya nyuma inatulia. Ya nyuma ikianza kucheza kama ya mbele, kompyuta inaandika P0420, yaani masega hayafanyi kazi inavyotakiwa. Bomba la ekzosi likiwa na tundu, au sensa ya nyuma ikiwa imechoka, namba hiyo hiyo inaweza kutokea. Kuziba kunapimwa kwa njia nyingine. Inafunguliwa sensa ya mbele, kwenye tundu lake inafungwa geji ya mgandamizo, injini inawashwa na kupandishwa mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika. Geji ikipita paundi 3 kwa inchi ya mraba, njia imebana.

Simwiti shemeji yako mwongo. Gari zito mlimani, sakafu inayochoma, kitu kinachocheza ndani ya kopo: dalili zote hizo zinaelekea anakosema yeye, na huenda kauri imevunjika vipande. Ninachouliza ni kama amepima, au amesoma namba akajumlisha na uzoefu wake. Fundi mzuri anaweza kupatia kwa uzoefu. Ila uzoefu hautakuambia kilichoyaua.

Kuna jambo moja sitalizungushia maneno. Harufu ya mayai viza inakufikia ndani ya gari. Inaweza kuwa inaingia na hewa ya nje mkiwa mmesimama kwenye foleni, na inaweza kuwa bomba linavuja chini ya sakafu. Kama linavuja, kaboni monoksaidi nayo inaingia, na hiyo haina harufu wala rangi. Mpaka bomba likaguliwe, mtoto apande usafiri mwingine, na wewe ukilazimika kuendesha fungua vioo. Usiegeshe juu ya nyasi kavu wala maboksi, kwa sababu masega yaliyoziba yanaweza kuwa mekundu kwa moto.

Tuje kwenye njia zilizopo.

Kukata na kuweka bomba tupu ndiyo njia nyepesi ya leo. Kama kweli yameziba, utasikia gari limefunguka siku hiyo hiyo, na jirani yako hasemi uongo. Lakini yeye amekaa mbele ya usukani. Moshi wake unavutwa na wa bodaboda aliye nyuma yake na watoto waliosimama kituoni. Ulichosikia kuhusu sumu ni kweli kwa maana hii: sumu hizo injini inazitengeneza siku zote, masega ndiyo yanayozipunguza. Kwa kifua chenye pumu, oksaidi za naitrojeni na moshi wa oili ni vichokozi. Nikuwekee na upande wa pili kwa haki: masega yaliyokufa kabisa nayo hayachuji tena, kwa hiyo kuendelea nayo yalivyo si kumkinga mtoto. Hatari nyingine ni uchomeleaji. Bomba likiungwa vibaya chini ya sakafu, umeleta ndani ya gari kile ulichokuwa unakikimbia. Na taa haitazima yenyewe. Mafundi wengine wanaizima kwa kuisogeza sensa ya nyuma, na hapo taa hiyo haitaweza tena kukuonya kuhusu ekzosi yako. Kisheria pia, kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007 zinagusa moshi wa magari. Najua barabarani humuoni anayekuja na kipimo, lakini kanuni zipo.

Mapya ya bei nafuu yanatofautiana sana. Mengi yamepakwa madini kidogo kuliko ya kiwandani, kwa hiyo umri wake ni mfupi, na kwenye injini inayokula oili ni mfupi zaidi. Ukielekea huko, dai yanayoendana na ukubwa wa injini yako, na waranti iandikwe kwenye risiti.

Ya mtumba ya Gerezani yanaweza kuwa mali nzuri iliyotoka kwenye gari lililogongwa, na yanaweza kuwa yamekufa kabla ya ya kwako. Yashike mkononi, yatikise, yakilia ndani yaache. Mulika tochi upande mmoja uchungulie upande wa pili: vitundu viwe vimenyooka, visiwe vimeyeyuka wala kupakwa masizi ya oili. Hata hivyo macho yanaona kuziba tu, hayaoni kama madini bado yanafanya kazi. Na muuzaji asiyejua yametoka gari gani anakuacha na swali kubwa zaidi, kwa sababu chuma chenye thamani hii kinaibwa, hapa na Ulaya na Marekani. Mtu mwingine asije akawa ameamka asubuhi gari lake linanguruma kama trekta kwa ajili ya kile unachokinunua.

Ipo njia ya kutibu injini kwanza, masega baadaye. Hiyo ndiyo inayonivuta mimi kwa upande wa ufundi, lakini siyo rahisi kwako. Kama ni sili za valvu, unaweza kuvumilia gharama. Kama ni ringi, injini inafunguliwa au inatafutwa nyingine, gari linalala gereji, na sambusa haziwezi kusubiri. Ungelazimika kukodi bajaji ya asubuhi na kupunguza kantini za mbali kwa muda. Piga hesabu hiyo yote kwenye karatasi moja, ukiweka na bei ambayo gari lingeuzwa lilivyo leo. Inawezekana gari la mwaka 2003 linakuomba zaidi ya linachokuingizia. Inawezekana pia hapana. Hesabu hiyo unaiweza wewe kuliko mimi, maana ndiye unayejua ndoo moja ya sambusa inaleta nini.

Sasa shemeji yako. Umeandika kwamba hajawahi kukutoza. Umeiandika kama sifa yake, na ni sifa kweli. Lakini hebu itazame kutoka upande wake. Kijana ana kodi ya fremu, ana wenzake wa kugawana nao, na kila gari la kaka yake linapoingia anafanya kazi kwa soda. Je, inawezekana aliyaona yale masega kama malipo ya siku zote hizo, akaona amepata njia ya kujilipa bila kukuomba? Gereji nyingi kifaa kilichotolewa fundi hukichukulia kuwa chake, na kwa plagi kuukuu hakuna anayeuliza. Masega ni habari nyingine kwa sababu yana bei. Kwa hiyo swali lako lilikuwa halali kabisa. Ni mali yako mpaka utakapokubali vinginevyo. Kilichomuuma pengine ni kwamba liliulizwa mbele ya vijana anaowaongoza, akasikia jambo ambalo hukulisema.

Sijui moyo wake, mwanangu, na wewe pia bado hujaujua. Inawezekana alitaka kujinufaisha kimyakimya. Inawezekana hakufikiria zaidi ya jioni ile. Utajua ukimfuata peke yake, nyumbani kwake au kwako, gari likiwa halipo baina yenu. Ungeweza kumwambia: "Shemeji, umenibeba muda mrefu bila malipo na mimi sijawahi kulisema. Kuanzia sasa naomba tupatane hela ya ufundi kila kazi. Na hili la masega, naomba kwanza tupime geji na tufungue plagi, wewe mwenyewe ndiye upime." Hapo unamheshimu kama fundi na kama ndugu, na bado hujampa ruhusa ya kukata. Akikubali, mmeshapata pa kuanzia. Akikasirika kwa kuombwa kupima, nayo ni habari ya kuifanyia kazi, na fundi mwingine wa kupima tu anapatikana.

Hatari ya njia hii ni kwamba utaanza kulipa ulichokuwa hulipi, na labda mama mkwe ataona unamfanya mwanawe mtu baki. Hatari ya kunyamaza unaijua, umeshaanza kuionja.

Kuhusu mume wako, sidhani kama amechagua upande. Yuko Dodoma, anasikia sauti tatu kwenye simu, na iliyomfikia ni kwamba mke wake anamshuku mdogo wake. Kifua cha mtoto sidhani kama kimemfikia. Je, ulimweleza habari ya harufu ndani ya gari, au mlizungumzia masega na hela tu? Mpigie siku ambayo hamjagombana, umweleze dalili kama ulivyonieleza mimi, na oili usiisahau. Ni gari lake pia na ni mtoto wake. Akielewa kwamba unachohofia ni pumzi ya mwanawe, pengine yeye ndiye atakayezungumza na mama yake, na maneno yale yakitoka kwa mwanawe yatapokelewa tofauti na yakitoka kwa mkwe.

Mama mkwe mwenyewe ningemwacha apoe. Alizungumza kama mama aliyesikia mwanawe ametajwa vibaya. Mkikutana Jumapili mpelekee chapati zake, masega yasitajwe mpaka ninyi watatu mmeelewana.

Umeniuliza umkatalie vipi, au ukubali. Sitakuamulia, kwa sababu geji bado haijasoma na hesabu yako bado haijaandikwa. Mkishapima niandikie tena. Uniambie imesoma ngapi kwenye 2,500, plagi ya silinda ipi ilikuwa na oili, na shemeji alisema nini alipoiona.